Je, Asiye na Dini Aweza Kushika Ufunguo wa Sanduku?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Minjila, Tana Delta. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika viweze kuyasoma na kuyajadili.)

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, vijana, na nyote mliotoka vijijini kuja hapa njia panda: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Ahsanteni. Nimesikia "milele amina", nimesikia "waaleikum salaam", nimesikia "amina". Sasa kama yuko mmoja wetu ambaye hakuitikia hata moja katika hizo tatu, naye nampa salamu yake: Hujambo, ndugu yangu? Karibu, keti.

Leo nataka tuzungumze juu ya huyo wa nne.

SWALI LIMETOKA WAPI

Kikundi kimoja katika eneo letu kilifanya uchaguzi. Sitakitaja jina, wala kijiji, wala kabila, kwa sababu mkijua mtaanza kuangalia watu badala ya kuangalia swali. Ni kikundi kama vyenu: mashamba kando ya mto, pampu moja ya maji, daftari, na sanduku la akiba lenye kufuli tatu. Mwajua utaratibu. Funguo tatu, watu watatu, na sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo.

Basi ufunguo mmoja ulikosa mtu. Vijana wakapendekeza fundi anayewatengenezea pampu. Fundi huyu haendi kanisani, haendi msikitini, na akiulizwa husema wazi, "Mimi siamini." Hasemi kwa kiburi. Husema kama mtu anayekwambia kwamba hanywi chai.

Mama mmoja mtu mzima akasimama. Akasema, "Mtu asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani? Pesa zangu za ndizi sitampa huyo azilinde." Mzee mmoja akamjibu, "Mbona pampu ikiharibika humuulizi dini yake?" Watu wakacheka, lakini yule mama hakucheka. Mkutano ukagawanyika, wakaja kwangu. Wakaniambia, "Wewe ni mtu wa Kanisa, tuamulie."

Sikuwaamulia. Niliwaambia tutalitazama swali pamoja, kwa njia ile tuliyojifunza: Tuone, Tupime, Tutende. Ndiyo njia nitakayofuata leo.

TUANZE NA MANENO YETU WENYEWE

Kiswahili chetu kina jambo la ajabu. Neno "imani" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuamini: imani ya Kikristo, imani ya Kiislamu. Maana ya pili ni huruma. Mtu akipigwa na askari atalia, "Nionee imani!" Hamwombi askari asali. Anamwomba amhurumie. Na mtu mkatili twasema, "Yule hana imani kabisa," hata kama ndiye wa kwanza kuingia kanisani Jumapili.

Wazee waliotuachia lugha hii waliona kwamba mambo hayo mawili yanafaa kwenda pamoja. Anayemwamini Mungu amhurumie mwanadamu. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini swali letu ni hili: je, yanaweza kuachana? Mtu aweza kuwa na imani ya kuamini akakosa imani ya huruma? Na mwingine aweza kuwa na imani ya huruma bila ile ya kuamini?

TUONE: YALIYOTOKEA HAPA KWETU

Tusiende mbali. Mwaka wa 2012 mwaujua. Tarehe 22 Agosti, Riketa: zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao kina mama na watoto. Septemba, Kilelengwani, watu waliuawa pamoja na polisi. Tarehe 21 Desemba, Kipao. Kulipa, na kulipa tena. Wengine walio mbele yangu hapa walikimbia usiku na watoto mgongoni. Na kabla ya hapo tulikuwa na mwaka wa 2001.

Sisi twasema ilikuwa ardhi, ilikuwa maji, ilikuwa malka za ng'ombe kwenda mtoni, ilikuwa siasa. Ni kweli yote. Lakini jiulizeni: waliokuwa wakifanya vile walikuwa watu wasio na dini? Hapana jamani. Ni watu wa misikiti na watu wa makanisa. Katika vijiji vyetu huwezi kutembea saa moja bila kuona mnara wa msikiti au msalaba juu ya bati. Dini tulikuwa nayo tele. Imani, ile ya pili, ndiyo tuliyoikosa kwa miezi ile.

Tena si wote waliokosa. Wako waliowaficha majirani wa kabila la pili. Baadhi yao walikuwa watu wa ibada sana, na walisema wazi kwamba ni Mungu aliyewazuia kumwaga damu. Hilo nalo tuliandike katika daftari, ili hesabu iwe ya haki.

Sasa tazameni kusini, upande wa Malindi. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Ni watu waliofuata mafundisho kwamba wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Watoto pia. Wale wazazi hawakukosa kuamini. Waliamini mno, mahali pabaya, na hakuna aliyewaruhusu kuuliza.

Na sisi Wakatoliki tusijifiche nyuma ya wengine. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakatoliki. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyarubuye, Nyange, wakauawa humo humo. Padre wa Nyange alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Arusha. Mwaka wa 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika mauaji yale.

Lakini ngojeni. Msinielewe vibaya mkadhani nasema dini ikiondolewa watu watakuwa malaika. Jirani zetu Ethiopia walitawaliwa na serikali ya Mengistu iliyofuata mafundisho ya Karl Marx, yasiyomtambua Mungu. Katika miaka ya 1977 na 1978 maelfu kwa maelfu ya watu waliuawa, wengi wao vijana, na mwaka wa 1979 hata Patriaki wa Kanisa la Kiorthodoksi, Abuna Theofilos, aliuawa. Kwa hiyo kutokuwa na dini si chanjo ya ubaya. Kama vile kuwa na dini si chanjo.

Kwa hiyo nikiambiwa fulani anasali, bado sijajua kama atanihurumia. Na nikiambiwa fulani hasali, pia bado sijajua.

HABARI YA FUNDI

Nilikwenda kumwona yule fundi. Na niseme ukweli, moyoni nilikwenda kumrudisha kanisani. Nilimkuta chini ya mwembe, pampu imefunguliwa, mikono imejaa oili. Nikamuuliza, "Ndugu, imekuwaje?"

Akaniambia kwamba mama yake alikuwa mtu wa kanisa hasa, na yeye mwenyewe alikuwa akipiga ngoma ya kwaya. Mwaka wa 2012 ndugu yake wa tumbo moja aliuawa. Kisha vijana wa upande wake wakaja kumchukua waende kulipiza. Akasema, "Waliotuua walikuwa watu wa kuomba. Na hawa waliokuja kunichukua ni watu wa kuomba. Nikajiuliza, huyo anayeombwa na sisi sote anasikia nini? Tangu siku ile nimenyamaza."

Nikamuuliza, "Ulikwenda nao?"

"Sikwenda. Nilikumbuka jinsi ndugu yangu alivyolala pale. Sikutaka mtu mwingine amkute wake hivyo."

Hapo mimi, mwenye diploma yangu na biblia yangu katika mfuko, nilikosa la kusema. Nilimshikia tochi akamaliza kufunga pampu.

Halafu yakaja mafuriko ya Novemba 2023. Mwakumbuka barabara zilivyokatika na watu wakahamia mahali pa juu. Fundi alikuwa na mtumbwi. Wako waliokuwa wakitoza watu pesa kuvuka, na siwalaumu wote, kila mtu ana njaa. Yeye alivusha watu siku tatu bila kutoza kitu, wa kabila lake na wa kabila la pili. Siku ya nne akakumbuka sanduku la kikundi, lililokuwa katika nyumba ya katibu, na maji yameshafika dirishani. Akaenda peke yake. Akalileta. Kufuli tatu zimefungwa. Walipopatikana wenye funguo wakafungua, noti zimelowa, wakazianika juu ya mkeka na kuhesabu: shilingi 63,400. Sawasawa na daftari.

Fikirini hapo. Angesema, "Mto umechukua sanduku," nani angebisha? Nyumba nzima ilikuwa ndani ya maji. Hakuna mtu aliyekuwa akimwona. Na yeye mwenyewe hasemi kwamba Mungu alikuwa akimwona. Basi ni nini kilichomleta na sanduku lile?

Sasa nitoe na aibu yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa mshauri wa kikundi kingine, mbali na hapa. Mweka hazina wake alikuwa mtu wa sala. Akifungua mkutano kwa maombi watu walitokwa na machozi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua hesabu kila miezi mitatu. Sikukagua. Nilijiambia, mtu kama huyu utamkaguaje? Mwaka ulipokwisha zilikosekana shilingi 41,000, pesa za karo na za mbegu. Yeye aliiba, ni kweli. Lakini nami nilimsaidia, kwa sababu nilichukua sala zake kuwa risiti.

TUPIME: HOJA TATU

Hoja ya kwanza ni ya yule mama: asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani? Ni hoja nzito, tusiidharau. Hofu ya Mungu imewazuia wengi, na pengine imenizuia na mimi. Lakini tumuulize kila mmoja wetu: wewe humpigi mama yako kwa sababu gani? Ni kwa sababu ya moto wa jehanamu tu? Ungeamka kesho umesahau dini yote, ungempiga? Najua mtasema hapana. Kuna kitu kingine ndani yenu kinachokataa. Mtoto mdogo, hata hajajua kusema "Baba Yetu", akimwona mwenzake analia naye huinamisha uso, au humpa mkate wake uliobaki. Hakuna aliyemhubiria.

Tena hofu peke yake ni mlinzi dhaifu. Anayeogopa fimbo tu, siku akidhani fimbo haipo ataiba. Au ataiba leo na kutubu kesho. Hesabu hiyo twaijua.

Hoja ya pili: huyo fundi wema wake ameutoa wapi, kama si katika dini ya mama yake? Nakubali, pengine ni hivyo. Mtu aliyekulia katika nyumba ya ibada hubaki na mazoea yake hata akiacha ibada, kama vile shamba lililotiwa mbolea na baba laendelea kumzalia mtoto. Lakini tukumbuke na hili. Wamisionari walifika katika mto huu miaka ya 1880, Wamethodisti kule Golbanti, na Wajerumani wa Neukirchen kule Ngao mwaka wa 1887. Waorma wengi waliingia katika Uislamu baadaye zaidi, karne iliyopita. Kabla ya hapo babu zetu hawakuwa na Biblia wala Kurani. Je, walikuwa wakiuana na kuibiana kila siku? Hapana. Wapokomo walikuwa na Gasa, wazee waliokaa na kuamua. Waorma wana Matadeda wao. Mgeni alipewa maji. Yatima alilelewa. Kweli, wazee wale hawakuwa watu wasioamini kitu. Walimjua Mungu kwa njia yao, na Waorma walimwita Waaq. Lakini hawakuwa na dini zetu hizi za vitabu, na tunapenda kusema nje ya vitabu hivi hakuna wema. Tukisema hivyo tunawatukana waliotuzaa.

Hoja ya tatu nilipewa na kijana mmoja msomi: "Basi kama ni hivyo, dini si kitu, tuiache." Huyo nitamjibu mwishoni.

KANISA LASEMAJE

Wako wanaodhani mimi nasema haya kwa sababu nimekuwa vuguvugu. Sivyo. Haya ni mafundisho ya Kanisa langu. Mtakatifu Paulo, katika barua kwa Warumi, sura ya 2, aeleza kwamba watu wa mataifa wasiopewa Torati hufanya matakwa ya Torati kwa maumbile yao, kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, ulifundisha kwamba dhamiri ni mahali pa siri ndani ya mtu ambapo sauti ya Mungu yasikika, na kwamba hata asiyemjua Mungu waziwazi, bila kosa lake, akijitahidi kuishi maisha mema, Mungu hamnyimi msaada wake. Tena Mtaguso ulisema jambo linalotuuma: kwamba sisi waumini, kwa maisha yetu mabaya, twaweza kuwa sababu ya wengine kuacha kuamini. Nilipokuwa chini ya ule mwembe nililikumbuka hilo.

Na Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, katika mahubiri yake ya tarehe 22 Mei 2013 alisema kwamba kutenda mema ni wajibu wa watu wote, pamoja na wasioamini, na kwamba tukitenda mema tutakutana hapo. Siku hiyo alieleza Injili ya Marko, pale wanafunzi walipomzuia mtu aliyekuwa akifanya kazi njema kwa sababu hakuwa wa kundi lao. Yesu aliwaambia wasimzuie.

Na hadithi ya Msamaria tumeifundisha mpaka imekuwa laini kama ndizi mbivu. Aliyepita na kuacha mtu akivuja damu alikuwa kuhani. Aliyesimama alikuwa mtu ambaye dini yake wasikilizaji waliiona potofu. Yesu hakuuliza nani ana kitabu sahihi. Aliuliza nani alikuwa jirani.

Ndugu zangu Waislamu mtanisahihisha nikikosea, lakini masheikh wenu wamenieleza neno fitra, lile umbile jema ambalo kila mtoto huzaliwa nalo kabla hajafundishwa lolote. Naona tunakaribiana hapo. Sisi tunaoamini twasema wema ule umetoka kwa Mungu. Yeye fundi hasemi hivyo. Lakini mti hutoa embe hata kwa mtu asiyejua nani aliyeupanda.

BASI DINI YA NINI?

Sasa yule kijana msomi. Kama mtu aweza kuwa mwema bila dini, dini ni ya nini?

Nitamwambia iliyonifanyia mimi. Mimi si mtu mwema sana kwa kuzaliwa. Nina hasira, na nachoka haraka. Kule kambini mwaka 2012, siku ya kumi ya kugawa unga, nilikuwa nimefika mahali pa kumfukuza mama aliyerudi mara ya pili na watoto wake. Sala ya asubuhi ile ndiyo iliyonirudisha. Nikakumbuka ni nani niliyemwahidi. Kwangu mimi dini ni ile kamba ambayo nimejifunga, ili mto ukija nisichukuliwe. Yenipa watu wa kunionya, yanipa nafasi ya kuungama, yanipa tumaini kwamba waliouawa Riketa na Kipao hawakupotea kama moshi. Tumaini hilo fundi hana, na aliniambia mwenyewe kwamba usiku mwingine humlemea. Simcheki. Naomba tu.

Kwa hiyo simwambii mtu aache dini. Nasema dini ni deni. Ukisema unamwamini Mungu, umejiandikia deni kubwa zaidi kuliko fundi. Yeye akitenda mema ametenda. Wewe usipotenda, umevunja na ahadi.

Wala fundi hayuko peke yake. Katika sensa ya 2019, Wakenya 755,750 walisema hawana dini, kama watu 16 katika kila 1,000. Ni wachache, lakini wako vijijini, wako makazini, wako katika vyama. Wengine wameacha kwa hasira, wengine kwa kufikiri, wengine hawajawahi kuwa na dini ya kitabu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, mawazo na imani, na yakataza mtu kunyimwa nafasi au huduma kwa sababu ya imani yake. Hata rais wa nchi, akiapishwa, sheria yamruhusu kuapa kwa jina la Mungu au kuthibitisha tu kwa dhati. Kama ikulu yaweza, sanduku letu la kufuli tatu halishindwi.

TUTENDE

Basi nini cha kufanya? Nawaachia mambo manne.

Kwanza, tunapochagua viongozi tuangalie matendo yanayopimika. Je, hulipa mkopo kwa wakati? Huja mikutanoni? Alipokosea alikubali? Akishika pesa za watu zilirudi? Hayo ndiyo maswali. Swali la dini liache nyumbani.

Pili, kufuli tatu ni za wote. Msimwondolee mtu ukaguzi kwa sababu ni mchungaji, katekista au ustadhi. Na msimwongezee mtu ukaguzi kwa sababu hasali. Daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi. Mzee mwema hataona haya kukaguliwa.

Tatu, maombi ya kufungua mkutano yaendelee, kwa zamu, Mkristo leo, Mwislamu kesho. Asiyeomba asimame au akae kimya kwa heshima, naye asilazimishwe kutamka asichokiamini. Sala ya kulazimishwa ni uongo, na kikundi kinachoanza kwa uongo chaanza vibaya.

Nne, mtu akiacha dini, kabla ya kumhukumu, muulize imekuwaje, halafu nyamaza usikie. Yawezekana jibu likakuhusu.

Mtataka kujua kikundi kile kiliamua nini. Walikaa mara mbili zaidi. Mara ya pili yule mama mtu mzima aliomba kusema. Akasema, "Mimi sijabadilisha neno. Nasema bado, mtu aogope Mungu. Lakini nimehesabu zile pesa juu ya mkeka kwa mikono yangu. Mpeni ufunguo. Mimi nitamwombea kila siku, na daftari nitalisikiliza kila mwezi."

Sasa ufunguo mmoja anao fundi, wa pili anao kijana mmoja Mwislamu, na wa tatu anao yule mama. Wakutanapo kufungua sanduku, mama husali, kijana husema bismillahi, na fundi hungoja. Kisha wanafungua.

 Mungu awabariki. Na wewe ndugu yangu wa nne, nakutakia safari njema ya kurudi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyetutendea wema mkubwa wakati wa vita au wa mafuriko? Je, tulimuuliza dini yake?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kumwamini mtu kwa sababu ya sala zake badala ya hesabu zake? Nini kilitokea?

3. Tunaposema fulani "hana imani", tuna maana gani? Je, sisi wenyewe tunayo?

4. Daftari letu lilisomwa kwa sauti lini mara ya mwisho?